Maji masafi lakini chaza wanakufa: kisa cha Oregon na dawa ya magadi

Wadau, hebu jaribu kufikiria hali hii. Una kituo cha kuzalisha mbegu za chaza. Maji ya bahari unayavuta kwa pampu, unayachuja mara tatu, unayapitisha kwenye taa za kuua vijidudu, unayapasha moto mpaka yawe vuguvugu. Ukipima vijidudu hupati kitu. Asubuhi unafika kazini, unachungulia kwenye tangi, mamilioni ya viluwiluwi wa chaza wamelala chini kama vumbi. Unamwaga, unaosha tangi, unaanza upya. Wanakufa tena. Na tena.

Hayo ndiyo yaliyowakuta jamaa wa kituo cha Whiskey Creek, kando ya ghuba ya Netarts, jimbo la Oregon huko Marekani, kati ya mwaka 2006 na 2008. Ilifika mahali wakawa wanaulizana kama wafunge biashara au la. Nimeona kisa hiki kinafaa kuelezwa kwa Kiswahili kwa sababu wengi wetu tukisikia "kutibu maji" akili inakwenda moja kwa moja kwenye kuchemsha, kuchuja na klorini. Yaani kusafisha tu. Kumbe maji yanaweza kuwa masafi kabisa na bado yakaua.

Kwanza tuelewane tunamzungumzia mnyama gani. Chaza, kwa wale wa bara ambao hawajamwona, ni yule mwenye magamba mawili magumu anayejibandika kwenye miamba au kwenye mizizi ya mikoko. Kwetu pwani watu humbandua maji yakitoka. Lakini kule pwani ya magharibi ya Marekani chaza anafugwa kama shamba, na biashara yake si mchezo: jimbo la Washington peke yake lilikadiriwa mwaka 2012 kupata kama dola milioni 270 kwa mwaka kutokana na chaza, kome na jamaa zao, na ajira zipatazo 3,200.

Tatizo ni kwamba chaza anayefugwa sana kule si wa kule. Asili yake ni Japani, na sehemu nyingi za pwani ile maji ni ya baridi mno kwake kuzaa vizuri. Ghuba chache tu, kama Willapa, ndiko anakozaa mwenyewe. Kwa hiyo wafugaji wengi hununua mbegu vituoni, sawasawa na mfugaji wa kuku wa mayai anavyonunua vifaranga badala ya kuangulisha mwenyewe. Kituoni chaza wakubwa wanachochewa kutoa mayai na mbegu za kiume, yanachanganywa, na ndani ya siku moja unapata viluwiluwi wanaoogelea. Wanalishwa mwani wa aina ile isiyoonekana kwa macho kwa wiki mbili au tatu hivi. Wakifikia hatua ya kutafuta pa kujibandika wanachujwa, wanafungwa kwenye kitambaa chenye unyevu na kutumwa wakiwa kwenye baridi. Furushi linaloingia kiganjani lina viluwiluwi mamilioni! Mfugaji akilipokea anawamwaga kwenye tangi lenye magamba ya chaza wa zamani, wanajibandika, na baadaye magamba hayo yanapelekwa baharini.

Sasa unaona uzito wa jambo. Whiskey Creek ilikuwa muuzaji mkubwa wa mbegu kwa wafugaji wadogo wasio na vituo vyao. Kituo kikikohoa, pwani nzima inapata mafua. Na kibaya zaidi, kuanzia mwaka 2005 hata pale Willapa, ambako bahari yenyewe ilikuwa inawapa watu mbegu bure, chaza wachanga waliacha kuonekana miaka kadhaa mfululizo. Huna mbegu ya bahari, huna mbegu ya kituo.

Turudi kwenye maji. Utaratibu wa kawaida wa kutibu maji kituoni ni huu. Maji yanapita kwanza kwenye mchanga, ambao unazuia takataka na viumbe vikubwa. Kisha yanapita kwenye chujio za vitundu vidogo zaidi na zaidi, hadi maikroni 5, wengine hadi maikroni 1, ambayo ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Baada ya hapo wengi wanaweka taa za miale ya kuua vijidudu. Wapo wanaotumia klorini, lakini hao lazima waiondoe kabla ya maji kuingia kwenye tangi la watoto, maana klorini haichagui adui. Wapo pia wanaoweka kemikali kidogo ya kukamata madini mazito kama shaba, ambayo hata kiasi kidogo sana huwadhuru viluwiluwi. Halafu maji yanapashwa moto hadi nyuzi 25 hivi. Kila baada ya siku mbili tangi linamwagwa lote, viluwiluwi wanakingwa kwenye chekecheo, wanaoneshwa kwenye darubini, na maji mapya yanawekwa.

Ukiangalia orodha hiyo utaona inapigana na vitu viwili tu: uchafu na vijidudu. Ndiyo maana vifo vilipoanza, wa kwanza kushukiwa alikuwa kijidudu. Na hawakumsingizia bure. Walimkuta kweli, wakati huo alitambuliwa kama Vibrio tubiashii, yuko ukoo mmoja na yule wa kipindupindu ila huyu anaua watoto wa chaza. Mwaka 2006 na 2007 alileta balaa kwenye vituo kadhaa vya pwani ile. Whiskey Creek wakaingia gharama kubwa kuboresha mitambo ya kutibu maji ili wamwondoe. Wakafanikiwa, kijidudu kikapungua sana.

Viluwiluwi wakaendelea kufa.

Hapo ndipo mtu anapoanza kuchanganyikiwa. Wengine wangesema maji yamerogwa. Katika miaka ile mibaya karibu robo tatu ya uzalishaji wa kituo ilipotea, na dalili zenyewe zilikuwa za ajabu: siku nyingine kundi zima linakula vizuri, wiki inayofuata kundi jingine, maji yaleyale, chakula kilekile, halitaki hata kula. Wanabaki wadogo, wanazama, basi.

Alan Barton, aliyekuwa anafanya kazi pale kituoni, ndiye mmoja wa waliogundua kwamba vifo vinakwenda na upepo. Naam, upepo. Majira ya joto kwenye pwani ya Oregon huvuma upepo kutoka kaskazini (si kaskazi yetu hii, ni mwingine). Kwa sababu ya mzunguko wa dunia upepo huo husukuma maji ya juu yaelekee bahari kuu, na nafasi yake inachukuliwa na maji ya chini yanayopanda. Hali kama hiyo ipo hata huku kwetu, pwani ya Somalia wakati wa kusi. Maji hayo ya chini ni ya baridi na yana rutuba nyingi, ndiyo maana sehemu kama hizo zina samaki wengi. Lakini yana kitu kingine pia. Yamejaa hewa ya ukaa.

Yanaipata wapi? Sehemu kubwa ni ya asili: mizoga na takataka za viumbe vya juu huzama, vinaozea chini gizani, na kuoza kunatoa hewa ya ukaa. Lakini juu ya hiyo kuna ya kwetu binadamu. Maji yale mara ya mwisho kukutana na hewa ya juu ilikuwa miaka 30 hadi 50 kabla, na wakati huo yalifyonza sehemu ya moshi wa viwanda na magari wa enzi hizo. Mwaka 2008 watafiti wakiongozwa na Richard Feely walichapisha matokeo ya safari ya meli waliyofanya mwaka 2007 kutoka Kanada hadi Mexico. Walikuta maji haya yenye uchachu yamepanda mpaka karibu kabisa na ufukwe, sehemu nyingine hadi juu. Kwa watu wa chaza ilikuwa kama mtu amewasha taa chumbani.

Twende kwenye kemia kidogo, msikimbie. Ukifungua chupa ya soda unaona mapovu; hayo ni hewa ya ukaa. Hewa hiyo ikiyeyuka kwenye maji inatengeneza asidi hafifu. Bahari yenyewe haijawa asidi na haitakuwa kama ndimu. Kipimo cha pH cha maji ya juu ya bahari duniani kimeshuka kutoka karibu 8.2 kabla ya viwanda hadi karibu 8.1, na namba yoyote juu ya 7 bado si asidi. Utasema aah, sifuri nukta moja ni kitu gani? Lakini kipimo hiki hakiendi kama rula, kila namba moja nzima ni mara kumi. Hiyo nukta moja maana yake uchachu umeongezeka kwa karibu asilimia 30. Na pale Netarts mambo yalikuwa makali zaidi: pH ilikuwa inapanda hadi 8.2 na kushuka hadi 7.6, katika ghuba hiyohiyo moja.

Lakini kinachoua chaza si ule uchachu kwa maana ya kumuunguza. Gamba la chaza kwa sehemu kubwa ni chokaa, ndiyo maana wazee wa pwani walikuwa wanachoma magamba na matumbawe kupata chokaa ya kujengea. Kutengeneza gamba mnyama anahitaji vitu viwili kutoka majini: kalsiamu, ambayo iko tele, na kaboneti. Hewa ya ukaa ikiingia kwa wingi inaigeuza kaboneti kuwa kitu kingine kinachoitwa baikaboneti, ambayo haimfai moja kwa moja. Ni kama fundi wa kujenga: saruji ipo, maji yapo, lakini kila tofali linaloletwa kuna mtu analichukua njiani. Atajenga, ila kwa jasho mara mbili.

Chaza mkubwa anavumilia. Mtoto ndiyo kazi. Mwaka 2013 George Waldbusser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon walieleza vizuri kwa nini. Kiluwiluwi cha chaza hujenga gamba lake la kwanza ndani ya siku mbili tangu yai lirutubishwe, na katika saa hizo 48 chokaa hiyo inafika kama asilimia 90 ya uzito wake. Wakati huo bado hana mdomo wa kulia vizuri, anatumia akiba aliyopewa na mama kwenye yai. Maji yakiwa na kaboneti ya kutosha, akiba inatosha na inabaki. Maji yakiwa mabaya, akiba yote inaishia kwenye ujenzi, na anapofika wakati wa kuanza kula hana nguvu tena. Hafi siku ileile. Ndiyo maana watu walihangaika sana kujua chanzo: wanakufa wiki moja au mbili baadaye, wakati maji ya siku hiyo ukiyapima yako sawa! Kosa lilishatendeka siku ya kwanza.

Hili kwangu ndilo jambo zito kuliko yote katika kisa hiki. Walikuwa wanachunguza maji ya siku ya kifo badala ya maji ya siku ya kuzaliwa.

Baada ya kujua hilo, hatua ya kwanza haikugharimu hata senti. Ghuba ya Netarts ina nyasi nyingi za baharini. Mchana jua linapowaka nyasi hizo zinafyonza hewa ya ukaa kujitengenezea chakula, usiku zinaitoa. Kwa hiyo maji ya alfajiri ni mabaya, maji ya jioni baada ya jua la kutosha ni mazuri zaidi. Wakaanza kujaza matangi jioni. Hiyo peke yake iliokoa makundi kadhaa.

Hatua ya pili ni kuyatibu maji yenyewe. Na dawa yake nadhani itawafurahisha wengi humu: ni magadi. Kwa jina la kiwandani sodiamu kaboneti, ile ile inayopatikana Ziwa Magadi kule Kenya na kutumika kutengeneza kioo, na ambayo kwa ajili yake miaka ya 2000 palitokea mvutano mkubwa hapa Tanzania kuhusu kujenga kiwanda Ziwa Natron na hatima ya flamingo. (Sisemi kwamba Oregon wananunua kutoka huku, ni kemikali tu ndiyo moja.) Ukiyeyusha magadi hayo kwenye maji ya bahari unafanya mambo mawili kwa mpigo: unapunguza uchachu, na unarudisha zile kaboneti zilizoporwa.

Lakini usifikiri ni kumwaga kijiko kama mama anavyotia kwenye maharage. Kwanza, magadi ya jikoni ni mchanganyiko, yana baikaboneti na uchafu mwingine, wakati kituoni hutumika yaliyosafishwa. Pili, ukizidisha unaharibu: chokaa inaanza kujitenga yenyewe majini na tangi linakuwa na ukungu mweupe. Tatu, na hapa ndipo penye kazi, kiasi cha kuweka kinabadilika saa kwa saa kwa sababu maji ya ghuba yanabadilika saa kwa saa. Kwa hiyo unahitaji kipimo kinachosoma maji yanayoingia muda wote, na pampu ndogo inayodondosha maji ya magadi kufuatana na kipimo hicho.

Vipimo vya kawaida vya pH vinakupa sura ya jumla tu, havikuambii kaboneti imebaki kiasi gani. Burke Hales, mtaalamu wa kemia ya bahari kutoka chuo kile kile, akawaundia mtambo unaopima hewa ya ukaa iliyoyeyuka kwa njia mbili kwa pamoja, na kutokana na hizo unakokotoa kama gamba linaweza kujengeka au la. Wafanyakazi wakaubatiza jina la utani Burke-o-Lator, na jina hilo limeshika mpaka leo, mitambo ya namna hiyo ikifungwa kwenye vituo vingine pia. Mwaka 2010 seneta Maria Cantwell wa Washington alisaidia kupatikana kwa dola 500,000 za serikali kwa ajili ya vipimo kwenye vituo vya chaza. Ukilinganisha na biashara ya mamilioni iliyokuwa inazama, hela hizo ni ndogo mno. Mimi naona ni miongoni mwa fedha za umma zilizotumika vizuri sana.

Uzalishaji Whiskey Creek ukarudi. Mwaka 2012 Barton, Hales na wenzao wakachapisha takwimu zao, zikionyesha wazi kwamba viluwiluwi waliozaliwa kwenye maji yenye kaboneti kidogo ndio walioshindwa kukua baadaye. Kampuni ya Taylor Shellfish, yenye kituo ghuba ya Dabob jimbo la Washington, nayo ilikuwa imepoteza viluwiluwi wengi katika miaka hiyohiyo na ikafuata njia ya kupima na kutibu. Wengine walichagua kuhama kabisa: familia ya Nisbet, wafugaji wa Willapa, walikwenda kujenga kituo chao Hilo, visiwa vya Hawaii, na kutuma mbegu zao kwa ndege. Fikiria, unahamisha leba kwenda ng'ambo kwa sababu ya maji.

Sasa kuna swali ambalo najua mtu ataliuliza: kama magadi yanafanya kazi, kwa nini tusiyamwage baharini? Tangi ni tangi. Maji ya kituo unaweza kuyahesabu kwa lita, ghuba huwezi. Kituo kinamvusha mtoto wa chaza katika wiki zake mbili tatu za hatari. Akishatoka hapo anaingia kwenye bahari ileile, akiwa mkubwa kidogo na mwenye akiba. Chaza wa porini, ambao hawana kituo, hawana wa kuwatilia magadi. Na yale maji yanayopanda leo yalifyonza moshi wa miongo kadhaa iliyopita. Yaliyofyonza moshi wa miaka yetu bado yako chini huko, yanakuja.

Kwa upande wetu, maji ya pwani ya Tanzania na Kenya ni ya joto, na maji ya joto huwa na kaboneti nyingi kuliko ya baridi, kwa hiyo hatuko kwenye hali ya Oregon. Hata hivyo kwenye ghuba zetu zenye mikoko mingi usiku pH inashuka, hasa maji yakiwa yametulia, kwa sababu ileile ya uozo na ya mimea kutoa hewa ya ukaa gizani. Akina mama wa Fumba na Bweleo kule Unguja wamefuga chaza wa lulu kwa miaka sasa. Siku akitokea mtu wa kuangulisha mbegu kituoni, namshauri kabla ya kununua chujio ya bei mbaya anunue kipimo kizuri, apime maji alfajiri na jioni kwa mwaka mzima, masika na kiangazi, kusi na kaskazi, na aandike kwenye daftari. Na mvua kubwa asizisahau, maji ya mto yakiingia kwa wingi kwenye ghuba nayo yanapunguza kaboneti.

Mwenye uzoefu wa kufuga chaza, kaa au majongoo bahari atuandikie hapo chini maji yake anayavuta saa ngapi na kwa nini. Na wale wa kidato cha nne mnaofanya kemia, zoezi dogo: andikeni hapo mlinganyo wa hewa ya ukaa ikikutana na kaboneti na maji. Atakayepata wa kwanza nitamtaja kwenye makala ijayo.